Keki ya tangawizi isiyoliwa siku ya kuokwa

Ukiila parkin siku ileile iliyotoka kwenye oveni, utasema Waingereza wa kaskazini hawajui keki. Juu ngumu, ndani kavu, tangawizi inakereketa koo na molasi inaacha uchungu kwenye ulimi. Nimewaona wageni wakiitafuna kwa adabu, wakisifu, kisha wakiacha kipande kizima kwenye kisahani. Siwalaumu. Walikuja mapema.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Leeds, Yorkshire. Nimekulia kwenye mkate wa sinia, mkate wa mayai na vileja vya Idi. Kwetu keki ikisifiwa ujue imeumuka, ina rangi ya njano, ni laini, na imekwisha kabla majirani hawajanusa. Parkin haina hata sifa moja kati ya hizo. Ni nyeusi, imelala, nzito mkononi, na inadai ifungiwe kwenye kopo kama juma zima kabla hujaigusa. Naioka kila mwaka Oktoba ikielekea ukingoni, na nimefikia msimamo ambao huutetea hata nisipoulizwa: keki hii isiboreshwe. Kila anayejaribu kuiboresha huishia na keki nyingine.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa nyumba ya pili, aliyeshona suti kiwandani enzi za ujana wake, wakati Leeds ikivalisha nusu ya wanaume wa nchi hii (maneno yake hayo, sikuhesabu). Aliniambia nimwite kwa jina lake, ndivyo wanavyoitana wao. Nilishindwa. Mtu wa rika la bibi yangu nitamwitaje kwa jina tupu? Nikawa namwita Bibi, nikamweleza maana yake, akacheka, akalizoea. Hata kadi ya Krismasi siku hizi anatia sahihi hivyo.

Parkin ina tarehe yake, 5 Novemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaka 1605, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la Bunge jijini London akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na Wakatoliki wenzake walikuwa wamepanga kumlipua Mfalme James akiwa pamoja na wabunge wake. Ndiyo maana hadi leo, ikifika siku hiyo, watu huwasha mioto mikubwa viwanjani, hurusha fataki na kuchoma sanamu ya huyo bwana. Fawkes mwenyewe ni mtoto wa huku, alizaliwa York mwaka 1570. Shule aliyosoma, St Peter's, ipo mpaka leo, na wao hawachomi sanamu yake. Ni mwanafunzi wao wa zamani, hata akiwa na makosa yake.

Sasa fikiria usiku wa Novemba kaskazini mwa Uingereza. Giza limeingia saa kumi na moja jioni, uwanja ni matope, baridi inapenya soksi mbili, moshi wa baruti umejaa puani. Watoto wanataka kitu cha kutafuna wakiwa wamesimama, glavu mikononi. Keki laini yenye krimu ingekuwa matope mengine. Parkin unaifunga kwenye karatasi, unaitia mfuko wa koti, inakaa humo imara bila kumong'onyoka, na ukiila unausikia moto wa tangawizi ukishuka mpaka tumboni. Niliielewa hapo, nimesimama kwenye majani yaliyolowa. Jikoni ilikuwa bado haijaniingia akilini.

Uzito wake unatokana na oti, ile nafaka ya uji wa asubuhi. Ngano hupenda jua na ardhi kavu kiasi, na kaskazini mwa Uingereza, hasa kwenye vilima vya Pennines vinavyotenganisha Yorkshire na Lancashire, jua ni mgeni. Oti huvumilia mvua na ubaridi. Kwa hiyo watu wa kusini walikula mkate wa ngano, na hawa wa huku waliishi kwa oti: uji wa oti, chapati za oti, na siku ya sherehe keki ya oti. Nyumba nyingi za zamani hazikuwa hata na oveni, watu walipika juu ya bamba la jiwe au la chuma lililowekwa motoni. Bibi aliponieleza hivyo nilimwambia kwetu mkate wa kumimina huokwa kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Alitaka kujua mkaa wa juu uwe mwingi kiasi gani. Nikajua huyu ni mpishi kweli.

Lakini siyo kila oti. Ile iliyobanwa ikawa bapa, inayouzwa kwenye maboksi kwa ajili ya uji, inatoa keki yenye nyuzinyuzi. Ile iliyokatwa vipande vikubwa hubaki migumu hata baada ya juma. Inayotakiwa ni iliyosagwa chenga, ukiisugua kati ya vidole unaisikia inakwaruza. Mimi huinunua Kirkgate Market, soko kubwa la katikati ya Leeds, lilelile ambalo mwaka 1884 Michael Marks alifungua kibanda cha vitu vya senti moja kilichokuja kuwa Marks & Spencer. Usipoipata, tia oti bapa kwenye blenda, zungusha kidogo, uiache kabla haijawa unga. Ikiwa unga, umeshapoteza parkin.

Vipimo vyangu ni hivi. Oti ya chenga gramu 200, unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 150, molasi gramu 200, shira gramu 100, sukari ya kahawia gramu 100, yai moja, maziwa mililita 100, tangawizi ya unga kijiko cha chakula kilichojaa kweli, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo na kungumanga ya kukwangua. Bati la mraba la sentimita 22 linatosha. Bibi hapimi kitu, ila nilikaa naye jikoni na mizani yangu, kila anachotaka kumimina nakidaka kwanza napima. Alinivumilia.

Kuhusu siagi, mapishi ya zamani hutaka mafuta ya nguruwe, maana ndiyo yaliyokuwa rahisi kwa mfanyakazi wa kiwandani. Mimi ni Mwislamu, hilo halikuwa la kujadiliwa. Bibi alikuna kichwa, kisha akasema mama yake naye siku akiwa na pesa alitumia siagi, kwa hiyo mimi nitaoka parkin ya siku ya mshahara. Ukikutana na parkin dukani, soma maandishi ya pembeni kabla hujaila, mafuta ya nguruwe hayajaondoka kabisa. Samli nayo inakubali, lakini harufu yake hugombana na molasi, na molasi haikubali kushindwa.

Molasi ya kupikia hapa huja ndani ya kopo jekundu, nyeusi ti, nzito, na ukifungua kopo inakupokea na harufu ya chuma na moshi. Kumbuka kwamba hii ni mabaki. Miwa ikishakamuliwa na sukari ikishaganda, kinachokataa kuganda ndicho hiki. Kwa sababu ni mabaki kiliuzwa rahisi, na kwa sababu kiliuzwa rahisi kikafika mezani kwa maskini. Ni utamu wenye historia chafu. Sukari ya visiwa vya Karibi ililimwa na Waafrika waliouzwa utumwani, na ilishushwa kwenye bandari za huku kaskazini, Liverpool na Lancaster, bandari ambazo meli zake zilibeba watu pia. Jamaika ilileta na tangawizi. Mimi wa Pwani sina pa kunyooshea kidole, karafuu za Unguja na Pemba za karne ya 19 nazo zilichumwa na watumwa. Jambo hili husemwa mara moja tu nyumbani kwangu, watoto wakiwa mezani, na siku hiyo hatuli tukiwa tunaangalia simu.

Shira ya kopo ni habari nyingine, na hapo ndipo mama yangu alipoingia. Mwaka 1883 kampuni ya Abram Lyle, Mskoti aliyejenga kiwanda cha sukari Plaistow, mashariki mwa London, ilianza kuuza shira ya rangi ya dhahabu. Makopo yake ya kijani na dhahabu yalianza mwaka 1885, yana picha ya simba na nyuki wanaomzunguka. Watoto wangu walidhani simba amelala. Amekufa, ni yule simba wa Samsoni katika Waamuzi, ambaye nyuki walitengeneza asali ndani ya mzoga wake. Picha ya ajabu kuiweka juu ya kitu cha kula, lakini wameizoea mno hata hawaioni.

Nilipomwonyesha mama hiyo shira kwa simu ya video, alisogeza uso mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Inua kijiko tuone inavyoanguka."

Nikainua. Ikateremka uzi mmoja mrefu usiokatika.

"Hiyo ni shira ya kaimati, mwanangu. Wametia ndimu."

Kwa namna yake, kapatia. Mpishi wa kaimati hutia ndimu kwenye shira ili isirudi kuwa sukari ikipoa. Asidi na moto huvunja sukari kuwa sukari mbili ndogo, na zikishavunjika hivyo haziwezi tena kujipanga na kuganda. Shira ya Lyle nayo ni sukari iliyovunjwa namna hiyo, ila kiwandani. Sukari hizo zilizovunjika zina tabia ya kuvuta unyevu na kuushikilia, na ndizo zitakazofanya kazi kopo likishafungwa. Kwa hiyo usipunguze shira na molasi kwa hofu ya utamu. Ukitaka sukari kidogo, kata kipande kidogo.

Kuoka kwenyewe ni kwepesi. Weka sufuria juu ya mizani, mimina molasi na shira humohumo, kwa kuwa ukipimia kwenye kikombe nusu itabaki kikombeni. Tia siagi na sukari, weka moto mdogo, koroga mpaka viyeyuke tu. Visichemke. Vikichemka, sukari inaanza kupikwa na keki itakuwa ngumu kama peremende. Wakati vinapoa kidogo, changanya vikavu kwenye bakuli: oti, unga, tangawizi, kungumanga, chumvi, na ile bekingi soda iliyochekechwa ili isiache vidonge. Mimina sufuria ndani ya bakuli, koroga, kisha maziwa na yai vilivyopigwa pamoja. Yai lisitangulie, likikutana na molasi ya moto litaiva vipandevipande.

Hapo tazama kwa makini. Rojo litaanza kuvuta pumzi. Molasi ina asidi, bekingi soda inaisubiri, na zikikutana hewa ya kaboni dayoksaidi inatoka. Utaona vitobo vidogo vikipasuka juu, rangi ikigeuka kutoka kahawia ya mng'ao kuwa kahawia iliyofifia. Bekingi poda haihitajiki. Rojo lenyewe litakuwa jepesi, la kumimina, hata utafikiri umezidisha maziwa. Usiongeze unga! Hili ndilo boresho la kwanza ambalo kila mpishi wa kwetu hulifikiria, na ndilo linaloua keki. Oti zina kiu. Katika ile saa ya oveni, na siku zinazofuata, zitakunywa kila tone.

Oveni iwe nyuzi 150, ya feni nyuzi 140 au chini kidogo, kwa saa nzima au zaidi ya hapo kwa dakika chache. Moto mkubwa huchoma molasi, na molasi iliyoungua haina dawa. Usifungue mlango nusu saa ya kwanza. Iko tayari pale kingo zinapoanza kuachana na bati na katikati ukibonyeza kwa kidole inarudi taratibu. Kuna uwezekano itabonyea katikati. Ikibonyea, imebonyea. Bibi anasema sehemu iliyobonyea ndiyo yake, na akikata huwa anaanzia hapo kwa makusudi.

Iache ipoe ndani ya bati. Ikipoa kabisa, ifunge kwa karatasi ya kuokea, kisha iingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Usiitie friji, ubaridi wa friji hukausha keki. Siku tatu ndizo za chini kabisa. Juma ndilo zuri. Kinachoendelea humo ndani hakionekani: shira na molasi vinagawana unyevu na oti, ile ganda ngumu ya juu inalowa kutoka ndani, na ukali wa tangawizi unatulia, unaacha kusimama peke yake. Unajua imefika ukiweka kidole juu ukakiondoa kikiwa kinanata. Huku watu wana swali maalumu la kuulizana kuhusu jambo hili, wanauliza kama parkin imesharudi. Bibi huniuliza hivyo juu ya ua, katikati ya kuanika nguo, kana kwamba kuna mtu wa nyumbani kasafiri.

Kungoja ndiko kulikonisumbua kuliko yote. Mimi natoka mahali ambapo chakula kikiiva na mtu kabisha hodi, anakaribishwa. Kumwambia mgeni kuna keki lakini si leo, karibu Jumamosi, ulimi wangu ulikuwa mzito. Nilipata njia: naoka pamoja na vileja. Mgeni anakula vileja, kopo linabaki juu ya kabati bila kutajwa. Watoto wameshaonywa.

Kazini nina mwenzangu kutoka Lancashire ambaye hakubali neno lolote la Yorkshire kuhusu parkin. Ya kwao, anasema, ina shira zaidi na molasi kidogo, kwa hiyo inang'aa kidogo na haina uchungu. Ya huku anaiita makaa. Nimekula zote mbili, na kwa kuwa kodi ya nyumba nalipa Leeds, najua la kujibu. Lakini wote wawili wanakubaliana kwamba parkin isiyo na oti siyo parkin. Nimewahi kununua dukani keki yenye jina hilo ambayo ilikuwa unga wa ngano mtupu uliotiwa rangi na tangawizi. Ilikuwa laini siku ya kwanza, na ndiyo shida yake. Kufikia siku ya nne ilikuwa imechoka, wakati halisi ndiyo kwanza inaamka.

Kitu kimoja nimekibadilisha, na Bibi ameruhusu: tangawizi. Mama hunitumia iliyokaushwa na kutwangwa kutoka Same, milimani kule inakolimwa kwa wingi. Ya kopo iliyokaa mwaka kabatini haina nguvu tena. Lakini iwe kavu. Watu huniambia niweke mbichi iliyokwanguliwa kwa sababu ni ya asili zaidi. Tangawizi ikikaushwa, gingeroli yake, ile kemikali inayoipa ukali, hugeuka kuwa nyingine iitwayo shogaoli, ambayo ni kali zaidi na inakaa kooni muda mrefu. Mbichi ina harufu nzuri ya ndimu na maji mengi, nzuri sana kwenye chai. Mwaka nilipoanza kutumia hiyo ya Same, Bibi alipoonja parkin alinyamaza, akanywa maji, akaniomba nusu kilo.

Dada yangu wa Tanga ameijaribu. Oti za boksi zipo madukani, akazipitisha kwenye blenda. Molasi ilikuwa tatizo. Inayopatikana kwa urahisi kule ni ile ya mifugo, na hiyo waachiwe ng'ombe, haikutengenezwa kwa usafi wa chakula cha watu. Akatumia sukari guru, akaiyeyusha kwa maji kidogo, akaichuja, maana haikosi mchanga. Shira akapika mwenyewe kwa ndimu. Na kwa kuwa sukari guru haina asidi ya kutosha kuiamsha bekingi soda, nilimwambia maziwa ayabadilishe kwa mtindi. Ikatoka kahawia badala ya nyeusi, lakini uzito ulikuwa ndio. Unyevu wa Tanga ulifanya kazi haraka: siku ya tatu ilikuwa inanata, ya tano nikamwambia wamalize, kwa joto lile ukungu haungoji juma. Waliila vipande vidogo kwa kahawa chungu, na mama anasema hapo ndipo inapokaa vizuri kuliko kwenye chai ya maziwa ya Waingereza. Mimi nimejaribu hapa, na nakubaliana naye.

Shemeji yangu akachukua simu kuuliza kama safari nyingine wanaweza kuongeza zabibu kavu, mayai mawili zaidi na sukari ya unga juu, ipendeze. Nikamwambia atie tu, itakuwa keki nzuri. Ila asinitumie picha akiiita parkin.